Ushungi Mbele ya Kamera

Bi Mwamvua binti Abass wa Makorora hakuwa mtu wa kuamini. Akiletewa samaki alifunua mashavu yake kwa kidole chake mwenyewe, hata kama muuzaji ni mtoto wa dada yake. Akiambiwa fulani anaumwa, aliuliza anaumwa nini, tangu lini, na nani aliyemwona kwa macho. Marehemu mumewe Sele, fundi wa reli na mtu mpole wa kupindukia, alipenda kusimulia kwamba siku ya ndoa yao shekhe alimtumia mtu kumuuliza Mwamvua kama ameridhia, na Mwamvua akamrudisha yule mtu na maswali mawili. Watu walidhani Sele anatia chumvi. Hakutia hata punje.

Na pamoja na ubishi wote huo, kwa miaka thelathini na moja mtaa mzima ulimwamini yeye. Ndivyo kazi yake inavyotaka. Mwamvua ni somo. Msichana akikaribia kuolewa hupelekwa kwake, mlango hufungwa, na kwa siku saba hufundishwa yale ambayo mama mzazi huona haya kuyatamka mbele ya mwanawe. Msichana huyo huitwa mwari wake, na ataendelea kuitwa hivyo hata akishapata wajukuu.

Kazi hiyo aliipata kwa shangazi yake, Bi Asmahani, aliyemtoa Ushongo akiwa kigori akamleta mjini. Bi Asmahani alikuwa na desturi yake mwenyewe, na masomo wengine wa Tanga walimcheka kwayo. Ndani ya chumba chake, mdomo ukiwa wazi ni maneno ya uani tu: salamu, utani, kumsifia jirani mchuzi usio na chumvi. Hayo husemwa yakapita, hayamfungi mtu. Lakini likija neno la ndani, la siri au la ahadi, msemaji huvuta pindo la ushungi wake akafunika mdomo, na neno likapita kwenye nguo. Hilo ndilo neno. Siku ya saba mwari naye hufunika mdomo, akaahidi kwamba aliyoyasikia hayatatoka chumbani humo.

Mwamvua aliishika desturi hiyo hata ikamwingia mwilini. Jambo likiwa zito, mkono wake hupanda wenyewe. Wanawake wa Makorora waliopita kwenye mkeka wake walilijua hilo, na kwenye sherehe akiligusa pindo lake kwa utani tu, ukumbi mzima uliangua kicheko. Hakuwa na nyumba ya ghorofa wala cheo cha mtaa. Alikuwa na mdomo unaojulikana kwamba haumwagi, basi, na kwa mdomo huo watu walimkabidhi watoto wao.

Sasa tumlete Zuleha. Zuleha alikuwa mwari wake wa miaka kumi na miwili iliyopita, msichana mwepesi wa kuelewa na mwepesi zaidi wa kuchoka. Alikuwa amefungua biashara ya udi, liwa na mafuta ya kujipaka, na ofisi amepanga Raskazone kwenye nyumba moja ya zamani yenye madirisha marefu. Adhuhuri moja alishuka kwenye bajaji mlangoni kwa Mwamvua, mkononi ana kikapu cha halua.

“Shikamoo, somo.”

“Marahaba, mwanangu. Halua ya nini? Idi imepita, na maulidi bado.”

Zuleha akacheka, akaketi mkekani, akaifungua halua yeye mwenyewe na kuanza kuila, jambo ambalo Mwamvua aliliona la ajabu kwa mtu aliyeleta zawadi. Kisha akaeleza haja yake. Wasichana wa siku hizi, alisema, wanafundishwa na simu, na wanaowafundisha humo wengine hata kuolewa hawajaolewa. Maneno hayo yalimchoma Mwamvua, kwa sababu ni ya kweli. Mwaka uliopita aliletewa wari watatu tu. Zamani watatu walikuwa wa mwezi mmoja.

“Kuna kitu cha akili mnemba, somo. Unakaa mbele ya kamera siku moja tu. Mashine inausoma uso wako, midomo yako, sauti yako. Baada ya hapo sisi tunaandika mafunzo, yeye anayasema. Wewe uko hapa unakunywa chai, naye anafundisha Wete, Mombasa, mpaka Maskati.”

“Yeye nani?”

“Wewe, somo.”

“Mimi si niko hapa nakunywa chai?”

Zuleha akajikatia kipande kingine cha halua. Lakini Mwamvua alikuwa ameshaanza kuwafikiria wasichana wale wanaofundishwa na wahuni. Magoti yake hayakumruhusu tena kupanda boti kwenda Pemba kama zamani, na kukaa tu kuyatazama mambo yakiharibika hakukumpendeza. Akatoa masharti. Chumbani asiwemo mwanamume. Yasemwe ya usafi, ya kufukiza udi, ya kupika, ya adabu kwa wakwe; ya ndani yasiguswe kabisa. Na kila kitakachoandikwa asomewe kwanza.

“Niahidi, Zuleha.”

“Naahidi, somo,” alisema Zuleha, halua ikiwa bado shavuni.

Mwamvua aliona kwamba ushungi wa Zuleha ulikuwa umelala mabegani. Aliliona hilo, akaliweka moyoni, na wiki nzima halikumtoka.

Siku ya kurekodi alipokelewa na msichana wa Kibondei kutoka Muheza, jina lake Praxeda, mwenye miwani na subira nyingi. Huyo ndiye mwenye kuijua mashine. Alimwamkia vizuri, akamkalisha kwenye kiti kilichosogezwa mbali kidogo na ukuta ili kivuli kisianguke nyuma yake, uso ukaelekea dirishani. Kisha yakaanza masharti ya upande wa pili.

“Bibi, naomba uvue bangili.”

“Zimekosa nini?”

“Zinalia. Maiki inazisikia kuliko inavyokusikia wewe.”

Mwamvua akazitikisa, akazisikiliza, akaona kweli zinalia. Akavua. Feni ikazimwa kwa sababu hiyohiyo. Dira lake la sherehe lenye vimetameta likakataliwa, akapewa nafasi abadilishe avae la kahawia alilokuja nalo ndani ya mfuko. Akaambiwa asimtazame Praxeda bali akitazame kile kijicho cheusi cha kamera, na aongee nacho kana kwamba anaongea na mtu anayempenda. Akimaliza sentensi afumbe midomo kwa muda wa pumzi moja, ndipo aendelee. Mikono aichezeshe akitaka, lakini isipande juu ya kifua.

“Kwa nini nifumbe?”

“Ili mashine ijue ukiwa kimya unakaaje, bibi. La sivyo kila ukinyamaza itakutafunisha hewa.”

Kila sharti alilichunguza kama anayechambua mchele, na kila sharti alilikuta lina sababu. Hilo lenyewe lilimtia wasiwasi. Mtu mwenye majibu ya kila kitu, alijiambia, ama ni mkweli sana ama amejiandaa sana. Zuleha alikuwa amekaa pembeni anamimina chai.

Wakaanza. Mwamvua akaongea habari za mwari na mama mkwe, namna ya kuingia jikoni kwa mwenyewe bila kumpokonya mwiko. Maneno yalikwenda vizuri mpaka yalipofika mahali pa uzito, na mkono ukapanda na pindo la ushungi.

“Bibi, mkono.”

Wakaanza upya. Mkono ukapanda tena. Mara ya tatu Mwamvua aliukalia mkono wa kulia, ukapanda wa kushoto.

“Hii mashine yenu ina ugomvi gani na nguo?” akauliza kwa ukali. “Mbona kila kitu kinatafuta mdomo wangu?”

Praxeda hakukasirika. Alimgeuzia kompyuta. Wiki iliyopita, alisema, Zuleha alimpa kipande cha video ya harusini, akakitumia kujaribia tu. Kwenye kioo Mwamvua akajiona amekaa ukumbini, ushungi umemfunika nusu ya uso kwa utani. Kisha yule mtu akaanza kusema, na midomo ikatokea juu ya nguo. Meno yakaonekana katikati ya maua ya kanga. Nguo ikawa inafumbuka na kufumba kama nyama.

“Astaghfirullah!” Mwamvua akarudisha kiti nyuma.

“Unaona, bibi? Haijui kilicho nyuma ya nguo, kwa hiyo inabuni.”

Mwamvua alijigusa midomo. Aliogopa, nisimfichie. Lakini katika hofu ile alipata pia raha ndogo ya kichokozi, kwamba kuna kitu chake kimoja ambacho lile dude halikuweza kukiiga. Akaomba pini. Akaubana ushungi chini ya kidevu, ukakaza, akasema ataongea mambo ya uani basi, yasiyohitaji nguo.

Akawasimulia pweza. Mama yake kule Ushongo alikuwa akimpiga pweza juu ya jiwe moja la nyuma ya nyumba, na majirani kwa kusikia kishindo tu walijua kama siku hiyo ameamka na furaha au amegombana na mume. Siku ya ugomvi, alisema huku akicheka, pweza alilainika kuliko siku zote. Hapo Praxeda alicheka mpaka akalazimika kushika stendi ya kamera isianguke. Mwamvua akaendelea na tui, na ndimu, na jirani aliyekuja kuomba moto wakati tu chungu kinapoepuliwa. Alikitazama kijicho cheusi kana kwamba ni mama yake. Alifumba midomo panapostahili. Mikono ikatulia mapajani kwa dakika kumi na mbili nzima.

“Safi sana, bibi,” alisema Praxeda. “Sijawahi kupata picha nzuri hivi. Imebaki sentensi moja tu.”

Akampa karatasi. Iliandikwa kwa herufi kubwa: Mimi, Mwamvua Abass, naruhusu sura yangu na sauti yangu zitumike kutengenezea mfano wangu wa video.

Mwamvua akaisoma mara mbili, akaigeuza nyuma, akakuta peupe.

“Zitumike kusemea nini? Masharti yangu yako wapi?”

“Somo, hiyo ni kanuni tu,” Zuleha alisema haraka. “Wenye mashine hawakubali bila kuisikia kwa mdomo wako. Sisi mambo yetu si tumeshaahidiana?”

Tumeahidiana. Mwamvua alimtazama mwari wake, akaukumbuka ule ushungi uliolala mabegani. Akawaza kwa utulivu. Hakutaka kuvunja kazi iliyokwisha fanyika, wala kumvunjia mtoto heshima mbele ya mgeni kwa kisa cha ahadi iliyotolewa na halua shavuni. Lakini neno lake la kweli hakuwa tayari kulitoa kabla hajasomewa mafunzo hata moja. Basi alifanya alichofundishwa na Bi Asmahani. Aligusa pini yake kuhakikisha imebana, akamkazia macho Zuleha mpaka Zuleha akainamia birika la chai, kisha akakigeukia kijicho cheusi na kuisoma sentensi ile yote, taratibu, mdomo wazi.

“Imekubali,” Praxeda alisema, akionyesha alama ya kijani.

Mwamvua alirudi Makorora amefurahi. Ndani ya bajaji alijichekea. Amesema na hakusema. Wakimletea karatasi za mafunzo, azisikie, zikimridhisha, ndipo atavuta pindo awape neno. Zisipomridhisha hakuna aliyempa kitu. Mtu mwenye kushuku kila kitu duniani hakushuku hata kidogo kwamba mashine haijui tofauti ya uani na ndani.

Karatasi hazikuletwa. Wiki tatu zikapita. Mwamvua alipiga simu, Zuleha akasema bado wanapanga. Alipiga tena, haikupokelewa. Wakati huo alikuwa akijiandaa kumpokea Tuhfa, binti wa Mwanakhamis wa nyumba ya nne, aliyekuwa aletwe Jumatatu. Mwanakhamis mwenyewe alikuwa mwari wake wa zamani, na hii ingekuwa mara ya kwanza kwa Mwamvua kumfundisha mama na kisha bintiye. Alikwisha uanika mkeka.

Alhamisi, saa nne asubuhi, Mwanakhamis aliingia bila kubisha hodi. Hakuamkia. Alimpa simu tu.

Humo alikuwamo Mwamvua wa dira la kahawia, ushungi umebanwa kidevuni. Aliwasalimu “wanangu wote popote mlipo.” Kisha akaanza kusema. Sitayaandika aliyoyasema, na Mwamvua mwenyewe hakuyasikiliza mpaka mwisho. Yalikuwa ya ndani kabisa, ya siku ya sita na ya saba, mengine kwa maneno yaleyale ya Bi Asmahani, na katikati yake yakatiwa mafuta ya Zuleha, yapakwe wapi na lini. Midomo ilikuwa yake. Hata kile kicheko cha pweza walimpa, wakakipachika mahali pa aibu.

Mwamvua alihisi amevuliwa nguo sokoni. Ni hilo tu naweza kusema. Alikaa chini, na kwa mara ya kwanza tangu msiba wa Sele alilia mbele ya mtu.

“Imefika mpaka kwa Yussuf,” alisema Mwanakhamis. Yussuf ni mumewe, baba yake Tuhfa. “Anasema mwanawe hatapelekwa kwa mwanamke anayetangaza chumba duniani. Na mie simlaumu, somo. Nieleze. Ni wewe huyu?”

“Si mimi.”

“Mbona ni wewe?”

Hapo ndipo Mwamvua alipoelewa ukubwa wa shimo. Angeweza kuvuta pindo akaapa, na Mwanakhamis pengine angemwamini. Lakini hakutaka kuaminiwa pengine. Alivaa ndala, akamshika Mwanakhamis mkono, wakapanda bajaji kwenda Raskazone.

Zuleha alikuwapo, na Praxeda pia, kwenye chumba kilekile chenye dirisha refu. Mwamvua hakupandisha sauti. Aliuliza jambo moja: nani aliyempa ruhusa?

“Wewe, somo,” Zuleha alisema. Sauti ilikuwa nyembamba, lakini alikuwa amejiandaa. “Tulitoa ya udi, tukatoa ya kupika. Hakuna aliyeyatazama. Watu wanataka yale mengine. Na ruhusa ulitoa mwenyewe. Praxeda, muwekee.”

Praxeda akaiweka. Mwamvua wa kweli akamtazama Mwamvua wa kwenye kioo akigusa pini yake, akikaza macho pembeni, akigeuka na kusoma: Mimi, Mwamvua Abass, naruhusu. Ilikuwa picha safi, mwanga mzuri, kila neno linasikika.

“Unaona?” alisema Zuleha.

“Rudisha,” alisema Mwanakhamis.

Praxeda akairudisha. Mwanakhamis alisogea mpaka pua ikakaribia kugusa kioo.

“Rudisha tena. Anapogusa ile pini.” Akatazama. Kisha akanyooka taratibu, akamgeukia Zuleha. “Mdomo uko wazi.”

Zuleha akarudi nyuma hatua moja.

“Mimi na wewe tumekaa kwenye mkeka mmoja,” alisema Mwanakhamis, “mimi miaka ya nyuma, wewe juzi juzi tu. Huyu mama hapa hakutoa neno. Mtoto mdogo wa Makorora angeona.”

“Zuleha,” alisema Mwamvua. “Siku ile nilikutazama. Ukainamia birika. Nikadhani umenielewa, tukaachiana kwa heshima. Hukunielewa?”

Nje bodaboda ilipita, ikaenda zake. Zuleha alitazama kompyuta, akatazama sakafu. Njia ilikuwa wazi kwake: aseme hakuelewa, na nani angethibitisha? Alifungua mdomo kusema hivyo hasa, Mwamvua aliliona neno likija. Halikutoka. Badala yake mkono wa Zuleha ulipanda wenyewe, ukashika pindo la ushungi, ukafunika mdomo.

“Nilielewa, somo,” akasema kwenye nguo.

Mwanakhamis akashusha pumzi. Akachukua mkoba wake begani. “Tuhfa nitamleta Jumatatu baada ya alasiri,” alimwambia Mwamvua. “Yussuf niachie mimi.”

Mwamvua aliitikia kwa kichwa. Alikuwa amepata alichokuja kukitafuta, lakini furaha hakuipata. Alimtazama yule msichana aliyemlisha uji kwa mkono wake siku ya saba, miaka kumi na miwili iliyopita, kisha akageuka.

“Mfute huyo wa kwenye kioo,” alimwambia Praxeda.

Praxeda alimtazama Zuleha, na Zuleha, mdomo ungali umefunikwa, akakubali kwa kichwa. Praxeda akabonyeza hapa na pale kwa muda. Mafunzo yakaondoka, kisha ule mfano wenyewe, kisha dakika kumi na mbili za pweza. Alisema hizo zilizokwisha ingia kwenye simu za watu hana uwezo nazo, zitaendelea kuzunguka. Alisema hivyo kwa masikitiko ya kweli.

Kisha akavua miwani na kumgeukia Mwamvua. Alikuwa ndiye pekee mle chumbani asiyejua kilichopita mbele yake.

“Bibi, unisamehe. Lakini si ungekataa tu siku ile?”

“Nilikataa,” alisema Mwamvua. “Mlikuwa wawili hapa. Mmoja wenu alinisikia.”